Lori Lipimwe Njiani, Gunia Limwagwe Jamvini

Ndugu Wanachama,

Katika mkutano wetu uliopita walisimama wanachama watatu wakapinga shauri la kumwaga gunia zima jamvini kabla ya kupimwa, badala ya kutia mkono mdomoni mwa gunia kama ilivyo ada. Walisema kwamba kummwagia mtu gunia lake ni kumwita mwizi mbele za watu. Neno hilo ni zito, nasi hatukulijibu siku ile. Leo twapenda kulijibu, na jawabu tumelipata mbali, kwa wenye malori ya dizeli kule Marekani. Twaomba msomaji atuvumilie, maana mwisho ataona kwamba hatukupotea njia.

Injini ya dizeli ina nguvu ya kuvuta na hutumia mafuta kidogo kuliko ya petroli, lakini moshi wake una hewa ziitwazo oksidi za nitrojeni. Hewa hizo hudhuru mapafu na huwazidishia taabu wenye pumu. Kwa hiyo serikali ya Marekani imeweka kiasi kisichoruhusiwa kupitwa, na viwanda vikatia katika bomba la moshi chombo kinachonyunyiziwa maji ya urea ili kuupunguza ubaya huo. Anayeamuru yanyunyizwe lini na kwa kiasi gani ni kompyuta ya injini, nayo kompyuta hufuata programu iliyoandikwa na mtu. Hapo ndipo khiana ilipopata mlango.

Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha West Virginia walitoa khabari ya magari matatu ya dizeli waliyoyapima kwa njia ambayo haikuwa ya kawaida. Hawakuridhika na kuyapima ndani ya chumba cha mtihani, bali waliyafunga vyombo vya kupimia moshi wakayaendesha barabarani. Mawili, yote ya Volkswagen, yalitoa hewa ile mara nyingi kupita kiasi cha sheria. Septemba 2015 idara ya mazingira ya Marekani ikaitangaza sababu. Programu ilikuwa ikiutazama usukani, mwendo wa gari na muda ambao injini imewaka. Ikitambua kwamba gari limo mtihanini, husafisha moshi vizuri. Likitoka njiani, huachia. Kiwanda kilikiri kwamba magari kama milioni 11 duniani yalikuwa na programu ya namna hiyo.

Kisha zamu ikafika kwa malori. Desemba 2023 ilitangazwa kwamba Cummins, watengenezaji wa injini, wamekubali kulipa faini ya dola bilioni 1.675, ambayo wakati ule ilikuwa kubwa kuliko faini zote za madai zilizopata kutozwa chini ya sheria ya hewa safi ya nchi ile. Januari 2024 yakatolewa masharti. Malori ya Ram 2500 na 3500 ya miaka 2013 hadi 2019, yapatayo 630,000, yaitwe gereji yabadilishwe programu bila malipo, na asilimia 85 yawe yametengenezwa katika muda wa miaka 3. Kwa insafu yafaa tuseme kwamba kampuni haikukiri kosa, na ilieleza kwamba haikuona ushahidi wa mtu wake kutenda kwa nia mbaya.

Sasa mtazameni mwenye lori. Huyu ni mkulima, au fundi, au mchukuzi wa mizigo, aliyenunua chombo chake kwa jasho, pengine kwa mkopo. Programu hakuiandika yeye, wala hakujua kwamba ipo. Siku moja apokea barua ya kumwambia alete lori. Moyoni ana hofu: je, likirudi litavuta kama zamani? Halitazidi kunywa mafuta na urea? Wako wanaoiweka barua kando wasiende. Lakini katika jimbo la California gari lililoitwa kwa kosa la moshi lisipotengenezwa laweza kunyimwa usajili, na lori lisilo usajili ni chuma cha kuweka uani.

Wenye magari ya Volkswagen walipata nafuu zaidi. Mapatano ya mwaka 2016 huko Marekani yaliwaruhusu wengi wao kuchagua ama kukirudishia kiwanda gari kwa bei iliyowekwa, ama kungoja litengenezwe, na juu ya hayo wakapewa fedha ya kufutwa machozi, kama dola 5,100 hadi 10,000. Mwenye lori la Ram, katika mapatano yale ya serikali, alipata matengenezo ya bure na dhamana iliyorefushwa. Ile faini kubwa haikwenda mfukoni mwake. Wazee walisema mchuma janga hula na wa kwao. Hapa mwenye lori alilishwa janga ambalo hata kulichuma hakulichuma.

Rai yetu ni kwamba mwenye lori apeleke lori lake. Mapafu ya mtoto wa jirani hayakuwamo katika biashara ile, wala hayakutia sahihi. Lakini kila khasara itokanayo na matengenezo, ikiwa ni ya mafuta au ya siku za kazi zilizopotea, ni haki ibebwe na aliyeifanya injini, si na aliyeinunua kwa nia njema. Na la tatu, ambalo ndilo kubwa, ni kwamba mtihani unaojulikana kabla utafanyika wapi na vipi humfundisha mdanganyifu mahali pa kujipamba. Khiana ile haikufichuliwa na sheria kali zaidi. Ilifichuliwa na watu waliokwenda kupima pale ambapo gari linafanya kazi yake.

Ndugu zetu, mdomo wa gunia ndio chumba chetu cha mtihani. Kila mtu ajua mkono utaingia wapi. Mwenye kutaka kudanganya ataweka juu karafuu kavu, safi, iliyochambuliwa, na chini atashindilia makonyo na karafuu mbichi. Mnunuzi akifika kwake akamwaga, hatauliza gunia lilikuwa la nani. Atasema tu karafuu ya watu wale si ya kuaminiwa, na bei itashuka kwa wote. Atakayeumia zaidi ni yule aliyekesha kuanua majamvi mvua ilipotishia, kama mwenye lori aliyenunua kwa nia njema. Sote tulikaa chuoni tukasoma onyo juu ya wapunjao vipimo. Hatudhani kwamba onyo lile liliwahusu wenye mizani peke yao.

Kwa hiyo kummwagia mtu gunia si kumwita mwizi, maadamu yatamwagwa magunia ya wote bila kuchagua. Fedheha ni kummwagia mmoja na kumpitisha mwingine kwa jina lake. Twakiri kwamba kumwaga na kujaza tena kutachukua saa nyingi na kutahitaji vibarua. Gharama hiyo asitozwe mwanachama mmoja mmoja, bali itoke katika mfuko wa Chama, maana faida ni ya Chama kizima.

Shauri hili litarudi katika mkutano ujao. Twawaomba mje kwa wingi, na wale ndugu watatu waje pia na hoja zao, kwani walisema kwa ajili ya heshima ya mkulima, nasi twaitaka heshima hiyo hiyo. Likipita, magunia ya Halmashauri ndiyo yatakayomwagwa mwanzo, na la Katibu litatangulia.

Katibu wa Chama