Taa za LED, matofali ya sponji na diposti isiyorudi

Umewahi kuhama mwisho wa mwezi? Simaanishi kuhama kwa TikTok, pale mtu anaingia keja mpya na kikombe cha kahawa mkononi. Namaanisha kuhama kwenyewe. Mkokoteni umekodiwa, godoro limefungwa kamba, mtungi wa gesi umekaa juu ya sufuria, na keateka amesimama mlangoni na daftari akihesabu matundu ya misumari ukutani. Hapo ndipo unajua kama mapambo yako yalikuwa mazuri au mabaya. Zile komenti za mitandaoni hazikusaidii.

Nasema hivi kwa sababu ule mjadala wa mapambo yanayokera haushi. Kila baada ya muda mtu anauliza, "Ni kitu gani ukikiona kwa nyumba ya mtu unachoka?" na orodha inaanza. Taa za LED zinazobadilika rangi. Stika za ukutani zenye umbo la matofali. Nyasi za plastiki zilizopandishwa ukutani kama uwanja umesimama wima. Kapeti za manyoya. Maandishi ya Kiingereza ya kukuamuru ucheke na upende. Nilikuwa nasoma nikicheka mpaka nikagundua vitu vinne kati ya hivyo nilikuwa navyo mimi, tena vyote ndani ya chumba kimoja.

Sasa tazama vizuri ni nani anayechekwa. Karibu kila kitu kwenye orodha hiyo ni kitu cha mtu wa bedsita. Ni vitu vya mia mbili, mia tano, elfu moja, vinavyouzwa Kamukunji, Eastleigh na Luthuli. Huwa sioni watu wakicheka kwa nguvu hiyo yale makosa ya wenye pesa, na yapo mengi. Chukua jikoni lililo wazi, lile lisilo na ukuta kati yake na sebule. Wajenzi wa apatimenti wamelipenda kweli, kwa sababu ukuta mmoja ukipungua gharama inapungua na picha ya tangazo inaonyesha nafasi kubwa. Kisha wewe unaingia, unakaanga samaki Jumanne, na mpaka Ijumaa sofa bado linanuka samaki. Omena je? Hilo ni kosa lisilobandukika, na halina mtu wa kulicheka kwa sababu limeuzwa kama "ya kisasa".

Ama dari la jipsamu. Linapendeza, sikatai. Lakini huu ni mji ambao maji huja kwa zamu. Maji yakipotea, mpangaji wa juu anafungua mfereji, anakuta mkavu, anasahau kuufunga, anaenda kazini. Maji yanarudi saa nane mchana. Jipsamu yako inaanza na doa la rangi ya chai, halafu inalegea, halafu unalala ukiitazama kama mtu anayesubiri mvua. Hilo nalo huwa silioni kwenye orodha.

Kwa hivyo, kabla hatujafika mbali, mimi siko upande wa wanaocheka. Ninaelewa kabisa kwa nini mtu ananunua taa za LED. Umetoka kazini ambako kila kitu kinaamuliwa na mwingine, umekaa kwa jam saa mbili, umefika kwenye chumba cha futi kumi kwa kumi kilichopakwa rangi ya krimu juu na rangi ya mafuta ya kahawia chini, rangi ile ile ya korido na ya choo. Unabonyeza rimoti, chumba kinakuwa zambarau. Ni kitu kimoja kwa siku nzima kilichokutii. Na kwa kamera ya simu, zambarau hiyo inaficha mengi: ukuta uliochubuka, waya za stima zinazopita nje, ndoo za maji chini ya meza.

Hata bili ya stima si hoja, ingawa watu hupenda kuitaja. Roli ya wati 24 ukiiwasha saa sita kila usiku, kwa mwezi inakula uniti nne na kidogo. Pasi ya nguo ni adui mkubwa kuliko hiyo. Kosa la taa hizi ni lingine: gundi yake huachilia joto likizidi, unaamka usiku roli imekuangukia usoni kama nyoka anayemeta. Lakini ni kitu unachoweza kukunja na kuondoka nacho.

Hapo ndipo nilipotaka tufike. Kwangu mimi, swali si kama pambo ni la kishamba. Swali ni kama linakubali kuhama.

Sisi ni wapangaji. Sensa ya 2019 ilionyesha kwamba mijini Kenya, zaidi ya robo tatu ya kaya zinaishi nyumba za kukodi. Serikali inakata asilimia 1.5 ya mshahara kwa mpango wa nyumba za bei nafuu, mwajiri anaongeza asilimia 1.5 nyingine, na huenda siku moja baadhi yetu tutapata funguo. Leo hii, ukuta unaoubandika ni wa mtu mwingine.

Kupamba ukuta hakukuanza na simu. Lamu, zile nyumba kongwe za mawe zina zidaka, vishubaka vilivyojengwa ndani ya ukuta na kupambwa kwa plasta, na humo watu walipanga vyombo vya kauri vilivyotoka hadi Uchina. Mrembo kweli huo ukuta. Lakini aliyeujenga alijua wajukuu wake wataurithi. Shosho wako naye alikuwa na vitambaa vya kufuma kwenye kila kiti, kwenye redio na hata juu ya televisheni. Tulivicheka tukiwa watoto. Sasa hivi kitu kilichofumwa kwa mkono kinauzwa bei ya kukutoa machozi na kinaitwa kroshe. Ona lakini: siku shosho akihama, vitambaa vinakunjwa vinaingia kwa begi.

Sisi tumechukua tabia ya mwenye nyumba ya Lamu tukaipeleka kwenye bedsita ya mwezi kwa mwezi.

Wacha nikupe yangu. Niliacha chuo mwaka wa pili, nikapata kazi ya kuandikia watu mitandaoni, nikakodi bedsita kando ya Barabara ya Thika. Kodi elfu tisa, diposti elfu tisa. Mwezi wa tatu nikaona manzi fulani kwa TikTok amegeuza keja yake kwa dakika moja na nusu kwa kutumia yale matofali meupe ya sponji. Unatoa karatasi nyuma, unabandika, unafinya. Nikanunua vipande kumi na vitano, mia mbili kila kimoja. Elfu tatu. Nikabandika ukuta wote wa nyuma ya kitanda, nikazungusha taa za LED, nikapiga picha. Ilipata likes nyingi kuliko kitu chochote nilichowahi kuandika, na mimi ni mwandishi, kwa hivyo hilo liliniuma kidogo.

Yale ambayo video haikuonyesha niliyajifunza mvua za Aprili zilipokuja. Ukuta ule ulikuwa wa nje, wa mawe, na mawe hunyonya maji. Zamani unyevu ulikuwa unakauka wenyewe ndani ya chumba. Sasa ulikuwa umefungiwa nyuma ya sponji. Pembe za chini zikaanza kuachia, na nilipoinua moja nikakuta ukungu mweusi umejichora picha yake mwenyewe. Nilikuwa nimekohoa wiki tatu nikidhani ni vumbi la ujenzi wa jirani.

Nilipotaka kuhama nikaanza kubandua. Tofali likatoka, na rangi ikatoka nalo, na mahali pengine hata plasta ikatoka. Rangi ya maji ya bei rahisi, iliyopakwa mkono mmoja juu ya vumbi, haiwezi kushindana na gundi ile. Upande wa chini, kwenye rangi ya mafuta, matofali yalitoka vizuri. Upande wa juu ulibaki kama ramani. Keateka akaja, akatazama, akasema, "Wacha hapo hapo, usibandue tena." Nikabakisha karibu nusu.

Mwenye nyumba alinikata elfu sita na mia tano. Sababu: kurekebisha ukuta na kupaka rangi. Risiti ya fundi sikuonyeshwa. Nilikuwa na makosa, nikanyamaza.

Wiki tatu baadaye rafiki yangu anayetafuta nyumba ananitumia tangazo. Ni keja yangu. Matofali yangu yako pale pale, kitanda cha kukopa kimesukumwa mbele ya ile sehemu iliyochubuka, na maelezo yanasema nyumba "imepambwa kisasa". Kodi imepanda mia tano.

Nimerudia hesabu hiyo mara nyingi nikiwa kwa matatu. Nililipa elfu tatu kupamba, nikalipa elfu sita na mia tano kwa kosa la kupamba, na pambo lenyewe likaendelea kumlipa mwingine kila mwezi. Sasa mtu akinicheka kwa sababu matofali ya sponji ni ya kishamba, namwona amechelewa. Ushamba ndio uliokuwa sehemu ya bei rahisi.

Na usidhani sheria imekushika mkono. Sheria ya Kudhibiti Kodi za Nyumba, Sura ya 296, ni ya tangu 1959 na inahusu nyumba za kodi isiyozidi Sh2,500 kwa mwezi. Tuambiane ukweli, Nairobi hiyo ni nyumba gani? Ukilipa zaidi ya hapo, kinga yako ni mkataba uliousaini, na wengi wetu tulisaini juu ya boneti ya gari, huku keateka akisema kuna mtu mwingine anakuja na pesa taslimu. Wengine hatukusaini kitu.

Kuna mlango mmoja ambao vijana wengi hawaujui: Mahakama ya Madai Madogo. Ilianzishwa kwa sheria ya 2016 na ikaanza kusikiliza kesi 2021, Milimani. Inashughulikia madai yasiyozidi Sh1 milioni, kesi inatakiwa kukamilika ndani ya siku 60, na unaweza kujiwakilisha bila wakili. Pesa ulizompa mtu akuwekee na akakataa kurudisha ni aina ya dai linaloingia hapo. Lakini mahakama haitakusomea likes. Itataka kuona ukuta ulikuwaje ulipoingia. Kwa hivyo siku ya kupewa funguo, kabla hata ya kuingiza godoro, piga picha kila ukuta, kila tundu, sinki, dirisha, na uzitume kwa mwenye nyumba kwa WhatsApp ili tarehe ibaki. Ukitaka kubandika kitu, muulize hapo hapo kwa maandishi. Akijibu "sawa" umeokoa elfu kadhaa kwa neno moja. Mimi sikuwa na picha hata moja ya ukuta mtupu. Zote nilizonazo ni za baada ya matofali.

Kuhusu vile vingine kwenye orodha, nitakuwa mfupi. Nyasi za plastiki hukusanya vumbi na mafuta ya kupikia, haziwezi kupanguswa, na sitaki kufikiria zikiwa karibu na meko ya gesi. Maandishi ya Kiingereza ni shauri yako. Sofa za kijivu zinachosha macho, lakini angalau unaondoka nazo. Kapeti la manyoya ndilo linalonitia huruma, kwa sababu kwenye bedsita unapikia hatua mbili kutoka kitandani, na ukitaka kulifua hakuna beseni linalolitosha wala maji ya kulisuuza. Ndiyo maana Jumamosi unaona kapeti zimeanikwa pale wanapoosha magari, zimetandazwa kwenye ua kama watu waliolala. Mpe wa kuosha gari pesa yake na usione aibu.

Siku hizi mimi nina pazia zuri la mitumba kutoka Gikomba, refu kutoka dari hadi chini, linalofunika ukuta mzima kwa waya na misumari miwili. Misumari hiyo niliikuta. Nina picha yake, ya siku niliyoingia. Nina kikapu cha kiondo kinachobeba chaja na nyaya zote, na kioo kikubwa kinachoegemea ukutani bila kutobolewa chochote. Siku ya kuhama, vyote vinaingia kwa mkokoteni mmoja.

Na ile roli ya LED bado ninayo. Rimoti ilipotea na sasa inawaka kijani tu, kwa hivyo niliiweka nyuma ya pazia. Jirani wa ng'ambo aliniuliza wiki jana kama nimefungua duka la dawa.