Kijana wa Goma, usinunue «i7» kwa jina: uliza kwanza bodi yako inakubali nini

Leo tuzungumze juu ya prosesa. Najua kuna mama atakayesema: watu hawana unga, na wewe unatuletea habari za michezo ya kompyuta? Mama, subiri kidogo. Hapa Goma, tangu benki zifunge milango Januari 2025 na kazi nyingi kusimama, kuna nyumba zinazokula kwa sababu ya mashini mbili au tatu za michezo zilizowekwa ndani ya chumba cha mbao. Watoto wanalipa kwa dakika, kijana anakusanya franka, jioni unga unanunuliwa. Mashini ikianza kukwama, wateja wanahamia avenue ya pili. Hapo ndipo kijana anabeba akiba yake yote, anakwenda Birere na kumwambia muuzaji: «Patroni, nipe i7.»

Neno hilo ndilo ninalolipinga leo.

«i7» si kipimo cha nguvu. Ni jina la ukoo, na ndani ya ukoo kuna mababu na kuna wajukuu. Prosesa ya Intel iitwayo i7-2600 ilitoka mwaka 2011. Ile ya i3-12100 ilitoka mwaka 2022. Zote mbili zina viini vinne na nyuzi nane, lakini hiyo «i3» ndogo inaiacha mbali sana ile «i7» kubwa. Kinachosema ukweli ni namba inayofuata kistari. Tarakimu za mwanzo ndizo kizazi: 2600 ni kizazi cha pili, 4770 ni cha nne, 12100 ni cha kumi na mbili. Muuzaji anayekuambia «ni i7 hii» bila kukuonyesha namba yote anakuuzia jina tu.

Hata namba peke yake haitoshi, maana kuna herufi ya mwisho. Prosesa i5-4570 ina viini vinne. Ile iitwayo i5-4570T ina viini viwili. Herufi moja, na nusu ya mashini imekwenda! T maana yake ilitengenezwa ili itumie umeme kidogo. F kwa Intel maana yake haina sehemu ya kutoa picha, kwa hiyo bila kadi ya picha ekrani itabaki nyeusi. Kwa AMD Ryzen nyingi tulizonazo, mambo ni kinyume: yenye G, kama 5600G, ndiyo yenye picha ndani, na ile 5600 isiyo na herufi haina. Nimeona kijana akirudi dukani na hasira akisema prosesa imekufa, kumbe ilikuwa nzima, haikuwa na picha tu.

Sasa maoni yangu, bila kuzunguka: kwa mtu mwenye pesa kidogo, prosesa nzuri ni ile iliyo juu kati ya zile ambazo bodi yake tayari inazikubali, tena anunue baada ya kuthibitisha kwamba ni prosesa kweli inayomkwamisha. Mengine yote ni mashindano ya vijana kujionyesha.

Chukua mashini tunazoziona sana, zile za okazio zilizotoka katika ofisi za Ulaya: Dell OptiPlex, HP EliteDesk. Kijana mmoja aliyekimbia na wazazi wake kutoka Rutshuru ana OptiPlex 7020 yenye i3 ya kizazi cha nne. Alikuja kuniuliza: «Yaya, wameniambia nichukue i7 ya kizazi cha nane, ni kweli itaruka?» Haitaruka, kwa sababu haitaingia. Bodi ile ina soketi 1150 na inapokea prosesa za kizazi cha nne. Kizazi cha sita kinataka soketi nyingine na ramu nyingine. Na hapa kuna mtego mbaya zaidi: kizazi cha sita na cha saba vinakaa katika soketi 1151, na cha nane na cha tisa pia vinaitwa 1151. Umbo ni moja, prosesa inaingia vizuri kabisa, lakini mashini haiwaki, kwa sababu bodi za kizazi cha sita hazikutengenezwa kwa ajili ya kizazi cha nane. Muuzaji anaweza kukuonyesha kwa macho yako kwamba «inaingia». Kuingia si kufanya kazi.

Kwa kijana yule, chaguo la kweli lilikuwa kati ya i5-4570 na i7-4770. Zote zina viini vinne. Ya i7 inaongeza nyuzi, zinakuwa nane, na mwendo kidogo. Kutoka i3 yenye viini viwili kwenda i5 yenye vinne, tofauti mtoto wa miaka kumi ataiona. Kutoka i5 kwenda i7, mara nyingi ni tofauti ya kuhesabu, hasa kwa mpira na michezo ya zamani inayochezwa katika vyumba vyetu. Rockstar wenyewe walipoleta GTA V kwenye kompyuta mwaka 2015 walipendekeza i5-3470, yaani prosesa ya kizazi cha tatu. Kwa hiyo nilimwambia: kama i7 inaongeza pesa kidogo tu, ichukue, itakaa muda zaidi. Kama ni mara mbili ya bei, iache pale. Nyumba yake ilikuwa na deni la kodi ya miezi miwili, na sioni mchezo wa kompyuta unaostahili kumtoa mama mzee barabarani.

Lakini kabla ya kufika hapo nilimwomba afanye kitu kisichogharimu hata franka moja. Fungua mchezo unaokwama. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, utazame prosesa inafanya kazi kwa asilimia ngapi na kadi ya picha asilimia ngapi. Kisha ingia katika mipangilio ya mchezo, ushushe ukubwa wa picha hadi 1280 kwa 720. Kama mchezo sasa unakwenda mbio, prosesa haikuwa na kosa, kadi ya picha ndiyo ilikuwa imelemewa. Kama umeshusha picha na mchezo bado unakwama vilevile, na ramu haijajaa, basi mshukiwe prosesa.

Jambo hili linawaponza wengi ambao hawana kadi ya picha kabisa na wanacheza kwa ile picha ya ndani ya prosesa. Hizo i5-4570 na i7-4770 nilizozitaja zina picha ya ndani ileile moja, HD 4600. Maana yake utalipa pesa ya i7 na mpira utachezwa karibu sawa na jana. Kwa mtu huyo pesa iende kwanza kwenye kadi ya picha. Kuna GTX 1050 Ti zisizodai waya wa ziada wa umeme: zinachukua hadi watt 75 kutoka kwenye bodi yenyewe, na hilo ni muhimu kwa OptiPlex, kwa sababu kisanduku chake cha umeme ni kidogo na nyaya zake si za kawaida, hukibadilishi kwa chochote unachokuta sokoni. Kama kasha lako ni jembamba, pima urefu wa kadi kabla ya kulipa. Na ramu: vipande viwili vya GB 4 vinafanya kazi vizuri kuliko kimoja cha GB 8, zaidi sana kwa anayecheza bila kadi.

Kisha kuna vumbi. Wenzetu wa miji mingine hawajui vumbi jeusi la Goma. Linaingia katika feni, linajaza mapezi ya chuma yanayopoza prosesa, na ile dawa ya joto iliyopakwa kiwandani miaka kumi iliyopita imekauka kama udongo. Prosesa ikikaribia digrii 100 inajipunguza mwendo yenyewe ili isiungue. Mchezo unaanza vizuri, baada ya dakika ishirini unakuwa mzito. Huyo si mgonjwa wa kizazi cha nne. Ni mgonjwa wa uchafu. Brashi, tyubu ndogo ya dawa ya joto na mkono wenye subira vimefufua mashini nyingi kuliko i7 zote za Birere, na fundi atakayekuambia ubadilishe prosesa kabla hajafungua feni, muage kwa heshima.

Na hapa niseme kitu kidogo cha pembeni. Ndani ya bodi nyingi za kompyuta na simu mna vipande vidogo vya tantali, na tantali inatoka katika koltani, kama ile inayochimbwa Rubaya kule Masisi. Jiwe linaondoka kwetu mgongoni mwa mtu, linazunguka dunia, linatumika ofisini miaka saba, halafu linarudi kwetu kama mashini ya okazio na tunalipa kwa dola. Familia nyingi zilizokimbia Masisi zinajua bei ya kwanza. Turudi kwenye prosesa.

Walio na bahati zaidi ni wenye mashini za AMD zenye soketi AM4, ile iliyopokea Ryzen za kwanza za mwaka 2017. AMD walikaa na soketi hiyo miaka mingi, na bodi nyingi za A320, B350 na B450 zinaweza kupokea Ryzen 5 5600 ya mwaka 2022, yenye viini sita na nyuzi kumi na mbili, bila kubadilisha ramu wala bodi. Kama leo ningekuwa naanza chumba kipya, na nikipata bodi ya AM4 ya okazio kwa bei ya haki, ningeichukua kuliko OptiPlex ya kizazi cha nne, hata ikiwa na prosesa dhaifu ndani, kwa sababu kesho itakuwa na mahali pa kupanda. Kizazi cha nne kimefika mwisho wa barabara: Windows 11 hairuhusu rasmi Intel iliyo chini ya kizazi cha nane, na Windows 10 iliacha kupata matengenezo ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Kwa mashini ya mpira isiyo na intaneti, si neno. Kwa mashini ileile ambayo asubuhi inachapa barua za watu na kuhifadhi picha za vitambulisho vya familia zilizohama, mimi ningeogopa.

Lakini AM4 ina hatari yake, na kwa sisi ni kubwa: lazima kwanza usasishe BIOS, ile programu ndogo inayoamsha bodi. Umeme ukikatika katikati ya kazi hiyo, bodi inaweza kufa palepale. Usifanye kwa umeme wa mtaa peke yake. Tafuta mahali penye betri na invata, au fanya kwa jenereta iliyojazwa mafuta, na uache prosesa ya zamani ndani mpaka kazi iishe. Fundi anayefanya hivyo huku mawingu yanakusanyika juu ya ziwa hana haraka yako, ana haraka yake.

Umeme pia ni sehemu ya bei, hata kama hauandikwi kwenye karatasi ya duka. Ile 5600 imeandikwa watt 65. Ryzen 7 5800X imeandikwa 105. Ni kipimo cha kiwandani tu, matumizi yanabadilika na mchezo, lakini tofauti ya watt 40 kwa mashini tano ni watt 200, na anayelipa kWh au kununua petroli kila jioni atazihisi. Kwa chumba cha mtaa wetu sioni sababu ya ile kubwa.

Wenye laptop nisiwasahau, ingawa habari yao ni fupi: nyingi za miaka ya karibuni zimechomelewa prosesa kwenye bodi. Ongeza ramu, weka SSD, safisha feni, basi.

Ukishaamua, usiende dukani na pesa tu. Beba mashini yenyewe, au angalau picha ya programu ya bure iitwayo CPU-Z ikionyesha jina la bodi na la soketi. Kwa AMD ya AM4, geuza prosesa utazame pini zote zimesimama. Kwa Intel pini ziko ndani ya soketi ya bodi, basi tazama vidole vya anayeiweka. Washa palepale, soma namba yote pamoja na herufi ya mwisho, acha mchezo ukimbie nusu saa, ndipo ulipe. Na ile i3 ya zamani usiiache mezani kwa muuzaji. Kuna mtu mwenye Pentium ya soketi hiyohiyo anaitafuta, na atakurudishia sehemu ya pesa yako.