"Mali Ikishauzwa Hairudishwi": Je, Kauli Hii Inatufaa?



Shukrani zote anastahiki Allah (S.W.). Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ambaye kabla ya kupewa utume alifanya biashara, na watu wa Makka wakamwita Al-Amin, yaani Mwaminifu.

Ndugu wasomaji, wanafunzi wenzetu na wazazi wetu, mwaka huu tumeona tuandike juu ya kibao kimoja. Ukiingia katika maduka ya simu hapa Mpanda utakikuta ukutani, na pengine maneno yake yamepigwa muhuri kwenye risiti: "Mali ikishauzwa hairudishwi." Tumezoea kukisoma bila kujiuliza kama ni haki.

Sisi kibao hicho kilitugusa. Madrasa yetu ilichanga fedha ili tupate simu kubwa ya kusikilizia visomo vya Qur'an na kuwapigia wazazi walio vijijini. Wapo waliotoa shilingi mia mbili, na mzazi mmoja alileta debe la mpunga tukaliuza. Haikutimia miezi minne, betri ikavimba mpaka mgongo wa simu ukainuka. Tuliporudi dukani tulionyeshwa kibao. Tukaenda kwa fundi. Alipoifungua alituonyesha kwamba simu ile ilikwisha kufunguliwa zamani, ikawekwa betri isiyokuwa yake, ikagandishwa kwa gundi na kutiwa kwenye boksi jipya. Tulinunua kuukuu kwa bei ya mpya.

Jambo hili si geni katika dini yetu. Imepokewa kwamba Mtume (S.A.W.) alipita sokoni akalikuta lundo la nafaka, akaingiza mkono ndani yake, vidole vyake vikakuta unyevu. Alipomuuliza mwenye mali, akajibu kwamba ilinyeshewa na mvua. Mtume (S.A.W.) akamuuliza kwa nini hakuiweka juu ile iliyolowa ili watu waione, kisha akabainisha kwamba mwenye kughushi hayumo katika mwenendo wake. Tuzingatie: yule mtu hakukatazwa kuuza nafaka iliyolowa. Alilaumiwa kwa kuificha.

Kutokana na mafundisho kama hayo, wanazuoni wetu wa fiqhi wameweka mlango unaoitwa khiyar al-ayb, yaani hiari ya mnunuzi pale inapodhihiri kasoro iliyokuwamo tangu kabla ya kuuziana na yeye hakuijua. Ana haki ya kurudisha kitu. Basi kibao cha ukutani hakiwezi kuifuta haki hiyo kwa yule aliyeficha aibu ya bidhaa yake. Hata sheria za nchi hazikukaa kimya. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, inayosimamiwa na Tume ya Ushindani (FCC), inakataza kumpotosha mnunuzi.

Tusidhani kwamba hasara za namna hii ni za watu wachache. Usiku wa tarehe 16 Juni 2016, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) ilizima simu zote zilizotambuliwa kuwa bandia. Kabla ya hapo wananchi walitangaziwa wabonyeze *#06# wapate namba 15 za utambulisho wa simu zao, kisha waihakiki. Kuzizima kulikuwa na sababu za msingi. Lakini aliyeamka na simu isiyoita alikuwa mkulima au mama ntilie, na yeye ndiye aliyekuwa ameilipia. Yeye alikuwa mnunuzi wa nafaka iliyolowa, na hasara ikabaki kwake.

Wala tusiwalaumu wenye maduka peke yao. Makampuni makubwa nayo yana unyevu wao chini ya lundo. Desemba 2017 kampuni ya Apple ya Marekani ilikiri kwamba programu yake ilikuwa ikipunguza kasi ya baadhi ya simu zenye betri zilizochoka. Kampuni ilieleza kwamba nia ni kuzuia simu zisizimike ghafla, na huenda hiyo ni sababu nzuri. Tatizo ni kwamba wenye simu hawakuelezwa mapema. Februari 2020 Ufaransa iliitoza faini ya euro milioni 25 kwa kutowajulisha wateja.

Na hizi betri zisizotoka? Watengenezaji husema simu iliyofungwa huzuia maji na vumbi, na inakuwa nyembamba. Sawa, hatukatai. Lakini sisi wa Katavi tunajua faida ya betri inayotoka. Mji wetu kwa miaka mingi uliwashwa kwa majenereta ya dizeli, na vijijini mtu alimwachia mwenye sola betri ichajiwe, naye akaendelea na betri ya akiba. Betri ikifa, alinunua nyingine akaibandika mwenyewe. Leo betri ikifa, ni fundi na gundi, au simu nzima itupwe. Nchi za Umoja wa Ulaya zimekwisha kupitisha sheria kwamba kuanzia Februari 2027 betri za simu ziwe ni zenye kubadilishwa kwa urahisi. Kwa hiyo jambo hili linawezekana, likitakiwa.

Tuseme na mema pia, kwani uadilifu ndivyo unavyotaka. Mwaka 2003 Nokia ilitoa simu yake ya 1100, ambayo vitufe vyake vilifunikwa vumbi lisiingie, na ikawa na tochi. Zimeuzwa zaidi ya milioni 200 duniani, na mpaka leo simu ndogo tunaziita vitochi. Aliyeitengeneza alimfikiria mtu anayetembea gizani. Hiyo ndiyo itqan tunayofundishwa, kuifanya kazi kwa ukamilifu.

Basi tufanye nini? Kwanza, tukinunua tuulize kwa maneno: Ni mpya au imetumika? Imewahi kufunguliwa? Nikiona kasoro nitairudisha kwa siku ngapi? Pili, tudai risiti, na jibu la muuzaji liandikwe humo. Tatu, tuihakiki namba ya simu kabla ya kutoa fedha. Nne, anayedhulumiwa apeleke malalamiko kunakohusika, asinung'unike barazani tu.

La mwisho ndilo zito, kwa sababu linatuhusu sisi wenyewe. Baadhi yetu ni watoto wa wenye maduka, na wakati wa likizo tunasimama kaunta. Tunazijua chaja tunazoziita "orijino" hali si orijino. Wengine ni watoto wa wakulima. Tunalalamika sana wachuuzi wanapotujazia lumbesa, nasi tukipeleka mpunga sokoni tunaweka mzuri mdomoni mwa gunia na wenye mawe chini. Tukiyafanya hayo, hatuna uso wa kukilalamikia kibao cha mtu mwingine.

Rai yetu ni kwamba kila duka la Muislamu hapa mjini liondoe kibao kile na kuweka kingine: "Ukikuta kasoro ambayo hatukukuambia, rudisha." Mwenye duka atapoteza faida ya siku chache, na atapata wateja wa miaka mingi na baraka juu yake. Simu yetu ya madrasa bado ipo kabatini, mgongo wake umeinuka vilevile. Hatukuitupa, ili kila mwanafunzi anayekwenda kusaidia dukani aitazame kwanza.

Tunamuomba Allah (S.W.) atujaalie tuwe wakweli katika kununua na kuuza. Amin.

Wabillahi tawfiq.