Makaa ya Mawe Si Shahidi wa Nuhu

Wapo wahubiri wanaopenda kututhibitishia Mungu kwa vitu vya kushikika. Kwetu Ruanda, wilayani Mbinga, kitu hicho ni makaa ya mawe ya Ngaka, ambayo uchimbaji wake mkubwa ulianza mwaka 2011. Wanadai kuwa makaa hayo ni miti iliyofukiwa na gharika ya Nuhu. Basi Biblia imethibitishwa, na asiyeamini hana udhuru. Hoja hii inaidhulumu sayansi, na imani inaidhulumu zaidi.

Ni kweli makaa yalikuwa mimea. Mimea hiyo iliota katika vinamasi, ikaanguka, ikafunikwa na tope na mchanga, ikakandamizwa kwa muda mrefu mno. Wanajiolojia wanakadiria umri wake kuwa zaidi ya miaka milioni 250. Tena makaa yamelala tabaka juu ya tabaka, na katikati yake mna mchanga uliogeuka mwamba. Vinamasi viliota, vikafukiwa, vikaota tena. Gharika moja haifanyi kazi hiyo.

Sasa kijana aliyefundishwa kumwamini Mungu kwa sababu ya makaa afanye nini atakapolisoma somo hili sekondari? Ama amkatae mwalimu wake, ama amkane Mungu. Sisi wazee ndio tuliomfikisha kwenye njia panda hiyo, kisha tunailaumu shule.

Tujifunze kwa sanda ya Torino. Mwaka 1988 maabara za Oxford, Zürich na Tucson zilipima kaboni ya kitambaa hicho, zikapata kuwa ni cha kati ya mwaka 1260 na 1390. Wapo wanaovipinga vipimo hivyo hadi leo. Lakini Kanisa Katoliki halikuanguka, kwa kuwa halikumtaka mtu yeyote aiamini sanda ndipo awe Mkristo.

Nitaulizwa: Je, Paulo hakuwaandikia Warumi kuwa viumbe humdhihirisha Muumba? Na Mtaguso wa Kwanza wa Vatikano, mwaka 1870, haukufundisha kuwa akili yaweza kumjua Mungu kwa njia ya viumbe? Naam. Lakini kutafakari kwa nini ulimwengu upo ni jambo moja. Kudai kuwa pande hili la makaa limemthibitisha Mungu ni jambo jingine. Katika vyuo vya ualimu twasisitiza kuwa zana ya kufundishia siyo somo. Tufe la darasani siyo dunia.

Injili zenyewe zatuonya. Kaburi lilikuwa tupu kwa wote. Wanawake waliambiwa amefufuka; askari wakahongwa waseme mwili umeibwa. Kaburi ni lile lile, habari ni mbili. Mafarisayo nao walipodai ishara, Yesu aliwanyima.

Kiu hii ya ushahidi wa kushikika ina gharama. Mwaka 2011 maelfu ya watu walimiminika Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha mchungaji mstaafu Ambilikile Masapila kwa shilingi 500. Mwenyewe alisema dawa hiyo alioteshwa na Mungu, na kikombe kikapokewa kama uthibitisho. Wako wagonjwa waliotolewa wodini kupelekwa huko, na wako waliofia kwenye foleni kabla ya zamu yao. Wengine waliacha dawa za hospitali. Aliyehoji aliambiwa hana imani, ilhali aliyekosa imani ni yule asiyeweza kumwamini Mungu mpaka amwone ndani ya kikombe.

Makaa tuwaachie wachimbaji na wanajiolojia. Mhubiri ana kazi yake, nayo ni kubwa. Katika sura ya 25 ya Mathayo, Kristo anasema atakutwa kwa mwenye njaa, mgonjwa na mfungwa. Huko hakuhitaji maabara, ila kwahitaji miguu ya kwendea na mkono wa kutoa. Naona ndiyo maana wengi wetu twapendelea kubishana juu ya makaa.