Wanangu, Listi Mliyoomba

Saitama, Japani

Wanangu wapenzi, pamoja na mama yenu, wifi yangu,

Mimi huku mzima, ni baridi tu iliyoanza kubisha hodi. Barua za zamani zingesema hapa kwamba dhumuni ni kutaka kujua hali zenu, lakini hali zenu naziona kila siku kwenye status. Dhumuni ni ile sauti mliyonitumia Jumapili: "Shangazi, wewe uko Japani kabisa, tupe listi ya anime kali." Na nyuma yake, katikati ya mlio wa sufuria, namsikia mama yenu: "Mwacheni shangazi yenu. Mtu mzima yule aangalie katuni, ana wazimu?"

Basi naanza na wewe, wifi. Huyo kaka yangu uliyeolewa naye alikuwa akificha gazeti la katuni la Sani chini ya godoro. Baba akilikuta, bakora. Kisha baba mwenyewe analichukua, anakaa nalo barazani mpaka magharibi, mabega yanamtikisika kwa vituko vya Madenge na Ndumilakuwili. Huku hawana haja ya kuficha. Manga, yaani hadithi za michoro, zinachapwa kwa rika: magazeti ya wavulana, ya wasichana, ya wanaume wazima, ya wanawake wazima. Nikitoka zamu asubuhi, kwenye treni nakaa pembeni ya mzee mwenye tai na mkoba, anasoma manga kwenye simu yake, uso umekunjamana kama anasoma hati ya kiwanja.

Na kwa sababu hiyohiyo, wifi, usimwachie kitindamimba wako simu eti kwa kuwa ni michoro. Shingeki no Kyojin, ile wanayoiita Attack on Titan, ni majitu yanayotafuna watu wazimawazima. Wakubwa waangalie. Mdogo akalale.

Sasa wanangu. Najua mnachotaka ni ngumi. Nitafika huko. Kwanza niwape kisa ambacho sijawahi kumsimulia mtu nyumbani.

Mimi nilikuja huku nikidhani nakijua Kijapani, maana nilikisoma kwa anime ya yule ninja Naruto. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa ya usiku, kiwanda cha bento, vile vyakula vya boksi vinavyouzwa madukani. Boksi zinapita kwenye mkanda, wali umeshawekwa, na mimi naweka umeboshi katikati, yaani plamu iliyotiwa chumvi. Moja kwa kila boksi mpaka kunakucha. Msimamizi wetu alikuwa mama mtu mzima, kanizidi kama miaka thelathini. Usiku mmoja nikataka kumfanyia adabu, nimwulize kama amekula. Nikaanza sentensi kwa "omae", neno ambalo akina Naruto wanaitana nalo toka asubuhi hadi jioni. Mimi nilijua maana yake ni "wewe", basi. Kumbe ni sawa na kumsogelea bibi yenu na kumwambia, "We, ushakula we?" Huku mtu wa heshima huitwa kwa jina lake au cheo chake, hilo "wewe" lenyewe hulisikii. Wenzangu waliganda, mikono juu. Mkanda haukuganda, na boksi zangu sita zikaenda zake bila umeboshi. Yule mama akanitazama juu ya barakoa, akaniuliza nimejifunzia wapi. Nikamwambia. Alicheka mpaka miwani ikajaa mvuke.

Wiki iliyofuata akaniletea mfuko wa plastiki wenye vitabu vya mjukuu wake. Akaniambia humu watu wanaongea kama watu. Hiyo ndiyo ya kwanza kwenye listi yangu: Gin no Saji, maana yake kijiko cha fedha. Mkiitafuta, andikeni Silver Spoon.

Hakuna ninja humo. Kijana anaitwa Hachiken, ametoka Sapporo mjini, amechoshwa na mitihani na tuisheni na baba asiyeridhika na namba yoyote isipokuwa moja. Anakimbilia sekondari ya kilimo hukohuko Hokkaido, bweni, akidhani atapumzika. Anaamshwa alfajiri kuzoa samadi. Anaona yai linatokea wapi kwa kuku, na hamu ya kulila inamwisha. Wenzake, watoto wa wafugaji, wanamshangaa: kwani wewe ulidhani linaanguka toka mbinguni?

Kisha anapewa zamu ya kulea nguruwe, na kati yao kuna kitoto kidhaifu, cha mwisho kabisa kwenye ziwa la mama. Wanamwonya asikipe jina. Anakipa: Butadon, ambalo ni jina la chakula, bakuli la wali na nyama ya nguruwe. Nakusikia, wifi, "astaghfirullah, nguruwe tena!" Badilisha kichwani mwako uweke yule mbuzi wa Idi ambaye wanao walimwita Bosi. Mnakumbuka? Mlimlisha majani ya mwembe kwa mikono wiki tatu, na siku yenyewe mmoja wenu akajifungia chooni mpaka saa nane mchana, halafu akatoka akala pilau. Mwandishi anamtembeza Hachiken humohumo, polepole, na siku inapofika kijana anatoa pesa zake mwenyewe na kuinunua nyama ya Butadon. Sijui mchoro mwingine ulioeleza vile kile kitendo cha kujifungia chooni kisha kutoka na kula.

Mwandishi ni mwanamke, Hiromu Arakawa, amekulia kwenye shamba la ng'ombe wa maziwa hukohuko Hokkaido, na akijichora mwenyewe hujichora ng'ombe aliyevaa miwani. Ndiyo maana madeni ya wafugaji ameyaweka wazi. Kuna kijana humo, Komaba, mrushaji mpira hodari wa besiboli. Timu inashindwa, shamba la kwao linafilisika, ng'ombe wanauzwa, naye anaacha shule. Baba yangu aliyekuwa akiamka saa kumi usiku pale Pongwe kukamua ng'ombe wawili angekielewa kitabu hiki bila kujua herufi moja ya Kijapani. Vitabu ni 15, na anime yake ina vipindi 22 tu. Anime inaishia njiani. Mkinogewa, malizieni kwenye vitabu.

Haya, ngumi. Mwanamke huyohuyo, kabla ya mambo ya zizi, alichora Fullmetal Alchemist, toka 2001 hadi 2010. Ndugu wawili wanajaribu kumfufua mama yao kwa elimu iliyokatazwa. Mkubwa anapoteza mguu na mkono, mdogo anapoteza mwili wote, anabaki roho ndani ya deraya la chuma. Humo hakuna anayepata kitu bure. Angalieni msije mkakosea: anime zake ni mbili. Ya 2003 iliwahi kabla mwandishi hajamaliza, ikajitungia mwisho wake. Anzeni na ya 2009, inayoitwa Brotherhood, vipindi 64, imekwisha, na imekwisha vizuri.

Nimelikazia hilo la kwisha kwa sababu ya wewe wa pili uliyeandika "One Piece vipi shangazi" na vicheko vitatu. Baba, One Piece ilianza kuchapwa 1997, mimi bado nasuka nywele za ukili. Anime yake imepita vipindi 1,100. Ukikaa macho usiku na mchana, hulali, huswali, huendi chooni, ni siku kumi na nane. Kwa bando la nani? Ni hadithi nzuri, sibishi, yule mwandishi wake, Oda, ana akili ya kupanda mbegu leo akavuna miaka kumi baadaye. Ila isome, usiiangalie. Kurasa hazili bando kama video, na wachapishaji wenyewe, Shueisha, wana programu ya simu inayoitwa Manga Plus: sura za mwanzo na zilizotoka karibuni bure, halali, kwa Kiingereza. Cha kuchekesha, programu hiyo hapa Japani haifunguki. Yaani ninyi Tanga mnaipata, mimi niliye kwao siipati.

Na mkifungua manga, fungueni kama juzuu: kulia kwenda kushoto. Wenzenu duniani wanafundishwa jambo hili kwa mishale ukurasa wa kwanza. Ninyi mliopita chuoni kwa ustadh mikono yenu inajua.

Ya tatu naitoa kwa mmoja wenu, na anajijua. Inaitwa Koe no Katachi, kwa Kiingereza A Silent Voice, ya Yoshitoki Oima, vitabu saba, na filamu yake ni ya 2016. Mtoto kiziwi anahamia darasani, na mvulana Ishida anamfanya mchezo. Anamng'oa vifaa vya kusikilizia, anavitupa. Mama Ishida anakwenda benki kutoa pesa za kuvilipa. Darasa lililokuwa likicheka naye linageuka, linamtupia yeye lawama zote. Anapokuwa kijana hawezi kumtazama mtu, kwa hiyo kila uso unaopita mbele yake mchoraji ameupiga alama kubwa ya X, korido nzima ya shule ni X tupu. Mtu akimsogelea kwa ukweli, ile X inabanduka, inaanguka sakafuni kama plasta iliyolowa. Sisemi zaidi. Mama yako aliniambia kuhusu yule mtoto wa darasa lenu mwenye kigugumizi.

Wifi, zako ni mbili, na ratiba yake uifuate. Zote ni za studio ya Ghibli, na zilitoka siku moja, 16 Aprili 1988, zikaonyeshwa pamoja kwa tiketi moja. Moja ni Totoro ya Hayao Miyazaki. Jina lisikutishe, si giza totoro. Ni dude kubwa lenye manyoya linalokaa ndani ya mti, na mabinti wawili ambao mama yao amelazwa hospitali. Hakuna adui humo, hakuna mchawi. Mtoto mdogo anapotea na kijiji kizima kinatoka kumtafuta, basi. Angalia na wanao wote, pamoja na kitindamimba.

Nyingine ni Hotaru no Haka, kaburi la vimulimuli, ya Isao Takahata. Hiyo angalia peke yako, wala usiianze jioni. Vita, Kobe imeunguzwa kwa mabomu, kaka na mdogo wake wa kike wako peke yao na kopo la peremende. Peremende zinakwisha, kaka anatia maji ndani ya kopo, anatikisa, anampa mtoto anywe ule utamu uliobaki. Mimi niliiangalia baada ya zamu, nina bento mkononi, sikuimaliza. Bento, si filamu. Kampuni iliyokuwa ikitengeneza peremende za yale makopo mekundu ilifungwa Januari 2023, na yule mama msimamizi alilileta kopo lake kazini, tukala moja moja wakati wa mapumziko. Hakuna aliyeitaja filamu.

Nimetuma kifurushi kwa mtu anayerudi mwezi huu. Ndani kuna kitabu cha kwanza cha Gin no Saji, cha Kijapani, nilichonunua duka la vitabu vya mitumba kwa yeni 110. Kwenye vile viduara vya maneno nimeandika Kiswahili kwa penseli, herufi ndogo kama sisimizi. Kuna mahali wamechora sauti ya ukimya, maana Wajapani hata ukimya wanauandikia mlio, "shiin". Nimeandika "ji", kama bibi anavyosema nyumba imenyamaza ji.

Nimefika kama ukurasa wa sitini nikakwama. Wanapoanza kuzungumza mambo ya ng'ombe, maneno yananikimbia. Ya umeboshi nayajua yote, ya zizini nimeyasahau. Wifi, wewe uliyemkamulia baba miaka yake ya mwisho ndiye unayeyajua. Viduara hivyo nimeviacha vitupu. Wanao wakusomee Kiingereza chake kwenye simu, nawe ujaze. Tumia penseli, tafadhali, nitakuja kusahihisha.

Shangazi yenu