Otieno Halina Kosa

Ati jina la kwanza lazima limechi na la mwisho. Kakangu amepata binti, na grupu ya familia imegeuka mahakama: Tiffany Otieno? Chelsea Otieno?

Tuambiane ukweli. Hapa Nairobi, kumechi ni kuficha. Tunataka bosi na mwenye ploti wasome Tiffany kabla hawajafika kwa kabila. Lakini kwenye machafuko ya 2008, waliofunga barabara na kudai vitambulisho hawakujali jina la ubatizo. Walisoma la mwisho.

Halafu, Otieno lenyewe lilikuwa jina la mtoto: mvulana aliyezaliwa usiku. Huyu wetu amezaliwa saa sita mchana, jua likiwa utosini, na Kijaluo kina jina lake tayari: Achieng. Achieng Otieno. Mchana na usiku kwenye kitambulisho kimoja. Mnataka yamechi vipi tena?

Kifungu cha 27 cha Katiba ya 2010 kinakataza kumbagua mtu kwa kabila lake. Mwenye ploti anayesoma jina kisha ghafla nyumba "imeshachukuliwa" ndiye mwenye kosa. Mbona tunamrekebishia yeye watoto wetu?