Usumbufu haujitokezi wenyewe

Jamani wadau, kuna sentensi imenichosha: "Tunaomba radhi kwa usumbufu uliojitokeza."

Wiki iliyopita nilikuwa Chalinze, kwenye foleni ya ofisi moja ambayo sitaitaja. Mbele yangu alikuwepo mama aliyetoka Ubena Zomozi, anauza chai na maandazi kando ya barabara ya Morogoro. Siku hiyo hakuwasha jiko. Alikuja kufuatilia karatasi yake, na hiyo ilikuwa mara ya tatu. Mlangoni pamebandikwa tangazo: mtandao haupo, na chini yake ile sentensi. Mama hakuwa na miwani, akaniomba nimsomee. Nikasoma. Akaniuliza, "Mwanangu, huo usumbufu umejitokeza wenyewe?"

Nikakosa jibu.

Hebu tuliangalie neno hili. Usumbufu unatokana na kusumbua. Penye kusumbua pana anayesumbua na anayesumbuliwa. Lakini ukishaandika "uliojitokeza", msumbuaji keshayeyuka! Usumbufu umechomoza tu kama uyoga baada ya mvua.

Waingereza na Wamarekani wana neno lao la mtaani, "hassle". Ukiniambia nilitafsiri nitasema ni usumbufu. Ila kwao mtu anaweza kulifanya kitendo na aliyekusumbua akatajwa. Kwenye matangazo ya ofisi hawalitumii, wanaweka lile lililovaa suti na tai, "inconvenience". Nadhani sisi tumeazima hiyo suti.

Kiswahili hakijaishiwa. Tuna kero, adha, karaha, bughudha, hasara. Tatizo ni kwamba maneno makali tunayakimbia. Zilizokuwa "kero za Muungano" siku hizi viongozi wanaziita "hoja". Matatizo nayo yamekuwa "changamoto".

Najua kuna atakayesema: watu wana shida za kweli, wewe unapigania maneno! Ndiyo, kwa sababu aliyesumbuliwa anaombwa radhi, lakini aliyepata hasara anadai. Kinyozi aliyefunga saluni wakati wa mgawo wa umeme wa 2006 hakusumbuliwa, alipoteza kipato. Ukikubali kuitwa msumbuliwa, umekubali na malipo yake, yaani samahani.

Na sisi waandishi tusijitoe. Taarifa ya ofisi ikija na neno "usumbufu", tunainakili kama ilivyo na kuipeleka kwa mhariri. Nami nimefanya hivyo mara nyingi tu.

Ninachoomba ni kidogo. Tangazo liseme nini kimeharibika, nani anashughulikia na lini kitatengemaa. "Mtandao umekatika, fundi anakuja Jumatano, msipoteze nauli." Mama wa Ubena angeuliziwa hayo kwa simu na jirani yake, akabaki kwenye jiko lake.

Badala yake alipanda basi kurudi. Nauli ya kwenda na kurudi mara tatu, siku tatu bila biashara, na karatasi hana. Huo nao ni usumbufu?

Nawasilisha.